Ungo, Pipa na Mpira: Upweke wa Anga za Mbali katika Futuhi za Kisayansi za Gharama Ndogo, Ukitazamwa kutoka Ufipa

Ikisiri

Makala hii inafafanua jinsi futuhi za kisayansi za gharama ndogo zinavyousawiri upweke wa anga za mbali, kisha inazisoma kutoka Sumbawanga na nyanda za juu za Ufipa, mahali ambapo utani wa kitaifa umepageuza kuwa kituo cha kurukia angani. Mifano inayochambuliwa ni filamu ya Dark Star (1974), mradi wa anga wa Edward Makuka Nkoloso nchini Zambia (1964), riwaya ya Katama Mkangi, Walenisi (1995), na utani wa ungo wa Sumbawanga. Inajengwa hoja kwamba kiini cha ucheshi wa utanzu huu ni kifaa cha nyumbani kilichobebeshwa kazi ya anga, na kwamba uzito wa kicheko unategemea kama msimulizi yumo ndani ya chombo au amebaki nje. Tofauti ya maana kati ya upweke na ukiwa, pamoja na utata wa neno mwanga, inatumiwa kuonesha kuwa Kiswahili kina nyenzo zake za kuujadili na kuutafsiri utanzu huu.

1. Utangulizi

Mtu akitaja safari ya Sumbawanga mbele ya Watanzania wenzake, si ajabu akaulizwa kama atakwenda kwa basi au kwa ungo. Utani huo ni wa sentensi moja, lakini una vijenzi vyote vya futuhi ya kisayansi: chombo cha kurukia, umbali uliotiwa chumvi, rubani asiye na abiria, na bajeti isiyozidi bei ya ungo mmoja sokoni. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuuweka katika fungu la imani za ushirikina na kuuacha hapo. Makala hii inauchukua kama utungo, na kuuweka kando ya tungo nyingine zinazosimulia safari ya mtu angani kwa vifaa duni.

Istilahi mbili zifafanuliwe mapema. Bunilizi ya kisayansi hapa ni masimulizi yanayouweka ulimwengu wake juu ya ujuzi wa kisayansi au wa kiteknolojia, uliopo au wa kudhaniwa. Futuhi ni utungo unaokusudiwa kuchekesha, iwe jukwaani, katika filamu au katika maandishi. Vitu hivi viwili vikikutana na ufukara wa uzalishaji, hupatikana utanzu wenye kanuni zake, ambao haufai kuhesabiwa kuwa bunilizi ya kisayansi iliyoshindwa.

2. Mpira wenye kucha

Dark Star, jina linaloweza kufasiriwa Nyota ya Giza, iliongozwa na John Carpenter, aliyeiandika pamoja na Dan O'Bannon. Ilianza kama kazi ya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa California mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikarefushwa na kuoneshwa mwaka 1974. Gharama yake yote hukadiriwa kuwa dola 60,000 za Marekani, kiasi kidogo mno kwa filamu ya anga.

Hadithi yake ni nyepesi kuieleza. Wanaume wachache wamekaa angani miaka 20 ya kidunia, ingawa miili yao imezeeka kwa miaka mitatu tu. Kazi yao ni kulipua sayari zisizo imara ili walowezi watakaokuja baadaye wasipate matatizo. Kamanda wao amekufa kwa hitilafu ya umeme kitini pake, na maiti yake imehifadhiwa katika barafu. Akishtuliwa, hujibu maswali kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini. Ghala la karatasi za chooni limeharibika. Mwanzoni mwa filamu unafika ujumbe kutoka Duniani: ofisa mchangamfu anawaeleza kuwa ombi lao la kinga dhidi ya mnururisho limekataliwa kwa sababu bajeti imepunguzwa.

Mfano maarufu zaidi wa ufukara huo ni kiumbe wa sayari nyingine, aliyeletwa chomboni na Pinback awe kipenzi cha mabaharia. Kiumbe huyo ni mpira mkubwa wa kuchezea ufukweni, uliopakwa rangi na kutiwa miguu yenye kucha. Mtazamaji hadanganyiki hata kidogo: anauona mpira, na wakati huohuo anakubali kuogopa pamoja na Pinback anayeukimbiza katika vipenyo vya chombo. Filamu yenye fedha ingemwonesha kiumbe wa kutisha na kumfanya mtazamaji aisahau dunia. Mpira haumruhusu kusahau. Unabaki kuwa kitu cha nyumbani kilichopotea njia, kama walivyopotea mabaharia wenyewe. O'Bannon baadaye aliandika skripti ya Alien (1979), ambamo kiumbe anayewindwa chomboni hachekeshi tena. Wazo lilikuwa karibu lilelile. Kifaa kilipobadilika, kicheko kilikwisha.

Kanuni ya kwanza ya utanzu inapatikana hapa. Ucheshi unatokana na kifaa cha nyumbani kinachobebeshwa kazi isiyo yake bila kuficha asili yake. Kwa kifaa hicho mtazamaji anaupima umbali, kwa kuwa anaona ni kitu gani cha nyumbani kilichosalia mikononi mwa wasafiri.

3. Upweke na ukiwa

Kiswahili kinatenganisha hali mbili ambazo uhakiki wa filamu hizi huzichanganya. Upweke, kutokana na mzizi -pweke, ni hali ya kuwa peke yako. Unaweza kuchaguliwa, na unaweza hata kupendwa. Ukiwa ni hali ya kubakia bila watu wako, au ya mahali kubakia bila wakazi. Mkiwa hakujitenga, ameachwa. Mpweke akirudi nyumbani, upweke wake huisha. Mkiwa hana uhakika kuwa nyumbani bado kupo.

Tofauti hii inawapanga wahusika wa Dark Star vizuri. Talby amejitenga katika kuba la kioo juu ya chombo akitazama nyota, na hataki kushuka kula na wenzake: huyu ni mpweke. Doolittle anatamani bahari na ubao wake wa kutelezea mawimbini, na ametengeneza ala ya muziki kwa chupa na makopo: huyu yuko njiani kutoka upweke kwenda ukiwa. Pinback ni mkiwa halisi. Anaungama kwamba yeye si Pinback, bali fundi aliyevaa sare ya mtu mwingine, akaingizwa chomboni kwa makosa. Wenzake wanayajua maneno hayo, wamekwisha kuyasikia, na hawayajali. Anaishi kati ya watu bila hata jina lake.

Katika fasihi ya Kiswahili, mwandishi aliyezikaribia hali hizi kwa njia ya anga ni Katama Mkangi, mwanasosholojia wa Kenya aliyepata kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980. Riwaya yake ya kwanza iliitwa Ukiwa (1975). Miongo miwili baadaye alitoa Walenisi, ambamo Dzombo, aliyeupinga utawala, anahukumiwa kufa kwa kutiwa ndani ya chombo na kurushwa angani. Walenisi si futuhi kwa maana kamili, ingawa tashtiti yake ni kali. Umuhimu wake hapa ni kwamba safari ya anga ni adhabu: dola inamtengenezea raia ukiwa na kuuita sheria. Dzombo anakimudu chombo na kutua katika sayari ambayo jina lake ni sentensi iliyofungwa kuwa neno moja: wale ni sisi. Mkangi anatibu ukiwa kwa sarufi. Nafsi ya tatu inaunganishwa na nafsi ya kwanza kwa kitenzi kishirikishi kifupi, na walioonekana kuwa wa mbali wanageuka kuwa wenyeji wa msafiri.

4. Ungo: mahali palipofanywa mbali

Nyanda za juu za Ufipa zimeinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko kwenye kimo cha takribani meta 1,800, chini ya milima ya Mbizi, na baridi yake huwashangaza wageni wanaotoka pwani. Ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Tawi la Reli ya Kati liliishia Mpanda, na reli ya TAZARA ikapita Tunduma. Barabara ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ilikuja kuwekwa lami katika muongo wa 2010. Umbali huo, basi, una historia yake ya maamuzi kuhusu wapi reli ipite na wapi lami ifike. Utani wa ungo unaifuta historia hiyo na kuweka uchawi mahali pake: mtu wa Sumbawanga hahitaji barabara, kwa kuwa anao usafiri wake.

Ungo wenyewe unastahili kutazamwa. Ni kifaa cha kupepetea na kupeta nafaka, na kazi hiyo ina uzito wa pekee hapa, kwani Rukwa ilihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa miongoni mwa mikoa minne mikubwa ya mahindi nchini. Kwa hiyo kifaa kilichosaidia kulisha taifa ndicho kilichochukuliwa na utani kuwa ishara ya kuliroga. Zaidi ya hayo, Wafipa walikuwa na teknolojia iliyowashangaza wachunguzi: matanuru marefu ya kuyeyushia chuma, malungu, yaliyofikia takribani meta tatu kwa kimo na kufanya kazi kwa mvuto wa hewa yenyewe bila mivukuto. Mabaki yake bado yanaonekana Ufipa. Kama utani ungetaka kuwahusisha Wafipa na mitambo, malungu yalikuwapo.

Jina la mji nalo linapinga matumizi yake. Kwa maelezo yaliyoenea, Sumbawanga linatokana na amri ya Kifipa yenye maana ya "tupa uchawi". Jina la amri ya kutupa limesomwa na wa mbali kama jina la ghala. Historia iliyo karibu nasi inaafikiana na maana ya wenyeji. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa, alizieleza harakati za Kamcape, zilizopita vijijini zikiwataka watu wasalimishe vifaa vya uchawi ili jamii ianze upya. Harakati hizo zilikuwa na dhuluma zake, maana wapo waliotuhumiwa bila uwezo wa kujitetea. Hata hivyo zinaonesha kuwa suala la uchawi Ufipa lilikuwa suala la uchungu na la mabishano, mbali na starehe ya wasimulizi wa utani.

Je, huu ni utani kwa maana ya mila? Utani wa makabila nchini Tanzania una masharti. Mtani hutukana na hutukanwa, hunyang'anya na hunyang'anywa, na siku ya msiba ndiye anayefika kuhudumu. Kicheko chake kina deni. Utani wa ungo, unaposimuliwa na asiye na uhusiano wowote na Ufipa, hauna deni la namna hiyo. Msimulizi anamrusha mtu wa Sumbawanga angani, kisha anabaki ardhini na hadhira yake. Kwa istilahi za sehemu iliyotangulia, anamtengenezea mwenzake ukiwa. Hali hubadilika mzaliwa wa Sumbawanga anapousimulia mwenyewe, akimwonya rafiki amlipe deni lake mapema kwa kuwa anajua mwenzake anatoka wapi. Maneno ni yaleyale, lakini sasa rubani ndiye msimulizi, na kicheko kinakuwa mali yake.

Jambo hili lina uzito nje ya fasihi. Katika maeneo mbalimbali ya Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingine "ushahidi" umekuwa macho mekundu yaliyosababishwa na moshi wa jikoni. Utani hauui kwa mkono wake. Lakini unazoesha masikio kusikia kuwa fulani anaruka usiku, na mazoea hayo yanamfikia bibi anayeishi peke yake, ambaye upweke wake tayari unatiliwa shaka. Mhakiki anayeuita utani huu burudani tupu anaacha kazi yake nusu.

Masimulizi ya Ufipa yenyewe yana mtu wa angani, na hayamcheki. Katika simulizi za Milansi alizozikusanya Willis, mtawala wa kwanza, Ntatakwa, alianguka kutoka mbinguni mwanzoni mwa ulimwengu. Baadaye wanafika wanawake wageni kutoka mbali, mtawala akiwa mawindoni, na mamlaka ya nchi yanapita mikononi mwao. Katika simulizi hizi Milansi ndiyo kitovu. Mbali ni huko wanakotoka wengine.

5. Pipa: mwanafunzi wa anga wa nchi jirani

Ng'ambo ya mpaka wa kusini wa Ufipa, nchini Zambia, mwaka uleule wa uhuru, 1964, Edward Makuka Nkoloso alitangaza kuwa taasisi yake ya sayansi, utafiti wa anga na falsafa itawafikisha Wazambia mwezini na katika sayari ya Mirihi kabla ya Marekani na Urusi. Nkoloso alikuwa mpigania uhuru aliyepata kufungwa na wakoloni. Wanafunzi wake, akiwamo msichana wa miaka 17, Matha Mwamba, walifunzwa nje ya Lusaka kwa kuingizwa ndani ya pipa la mafuta na kubingirishwa mteremkoni, ili wauzoee mtikisiko wa safari. Aliomba UNESCO pauni milioni saba. Hakuzipata.

Vyombo vya habari vya nje vilimcheka, na picha za pipa zikazunguka kama ushahidi kwamba Waafrika wamepewa uhuru mapema. Wasomaji wa baadaye, hasa mwandishi Namwali Serpell, wameuliza kama Nkoloso hakuwa akicheza tashtiti yake mwenyewe mbele ya kamera za wenye makombora. Jibu la swali hilo linaamua maana ya kicheko. Kama hakujua, wanahabari ndio wasimulizi, naye ni mtu wa ungo. Kama alijua, pipa ni kama ule mpira wenye kucha: kifaa kisichoficha asili yake, kinachowauliza wenye mabilioni wanaenda kutafuta nini huko juu. Filamu fupi ya Nuotama Bodomo, Afronauts (2014), iliyotengenezwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, inamrudisha msichana katikati ya hadithi na kuachia kicheko kidogo sana. Inatukumbusha kuwa ndani ya pipa mlikuwa na mtu.

6. "Uwe mwanga": tatizo la mtafsiri

Tuchukulie kwamba Dark Star inatafsiriwa kwa Kiswahili kwa sauti, kwa desturi ya vibanda vya video ambayo jina la Lufufu lilivuma sana ndani yake: mfasiri anasema juu ya filamu, anafafanua, anatania na kuongeza. Changamoto kubwa itakuwa mwishoni. Bomu namba 20, lenye akili na sauti, limenasa chomboni na linakusudia kulipuka papo hapo. Doolittle analifundisha falsafa: litajuaje kuwa amri lililopewa ni ya kweli, ikiwa linachokijua ni mawazo yake tu? Bomu linarudi kutafakari. Linahitimisha kuwa hakuna kingine kilichopo ila lenyewe, linajiona kuwa Mungu, linatamka maneno ya uumbaji wa nuru, na kulipuka. Bomu ndilo mhusika pekee aliyeufikia upweke uliokamilika.

Mfasiri ana chaguo mbili. Nuru ni neno la Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka, na linabeba heshima ya maandiko. Mwanga ni neno la kila siku, lakini lina jirani yake: mwanga, mchawi wa usiku, wingi wake wanga, kutokana na kitenzi kuwanga. Ngeli ndizo zinazowatenganisha. "Mwanga umetoka" ni habari ya taa. "Mwanga ametoka" ni habari ya kufunga mlango. Lakini bomu likisema "uwe mwanga", tofauti inafutika, kwa sababu kiambishi u- ni cha ngeli ya mwanga wa taa na pia ni cha nafsi ya pili umoja. Sentensi moja inasema nuru itokee, na inamwambia fulani awe mchawi. Mfasiri akikwepa kwa kusema "kuwe na mwanga", utata unapotea, na kicheko pamoja nao.

Utata huo ungepokelewa namna gani Sumbawanga, mji ambao jina lake linaambiwa lina wanga ndani yake? Kanuni iliyojengwa hapa inatoa jibu. Katika filamu, bomu linajiambia lenyewe. Mtamkaji na mtamkiwa ni mmoja, na wote wamo chomboni. Utani huo ni halali, na hadhira ya Sumbawanga ingekuwa na haki ya kuufurahia kuliko hadhira yoyote. Lakini mfasiri akiigeuza sentensi kuelekea benchi la nyuma alikokaa mgeni kutoka Rukwa, amekwisha kutoka chomboni.

7. Hitimisho

Makala imeonesha kuwa mpira, pipa na ungo vinafanya kazi moja ya kifani: kila kimoja ni kitu cha nyumbani kinachopeleka mtu mbali bila kuacha kuwa chenyewe. Ufukara wa vifaa hivyo ndio unaoufanya upweke wa anga uonekane kwa ukubwa wa kibinadamu. Tofauti iko katika nafasi ya msimulizi. Carpenter na O'Bannon wanacheka wakiwa na mabaharia wao. O'Bannon hata aliigiza nafasi ya Pinback mwenyewe. Nkoloso bado anabishaniwa. Utani wa kitaifa kuhusu Sumbawanga, kwa kawaida yake, unasimuliwa na aliyebaki ardhini.

Watafiti wachanga wanaotafuta mada wanaweza kuanzia hapo. Utani wa ungo unaosimuliwa Ufipa, na Wafipa, kwa Kifipa na kwa Kiswahili, unahitaji kukusanywa na kuchambuliwa pamoja na simulizi za Milansi, kwa uangalifu ule unaopewa tenzi za pwani. Katika kila utungo wa aina hii swali la kwanza la mchambuzi liwe lile ambalo Mkangi alilifunga ndani ya jina la sayari: kama mwisho wa safari, wale wamekuwa sisi.